Namba Moja Haikutokea

Ilianza Alhamisi, saa nane na dakika kumi mchana. Saa naikumbuka kwa sababu redio ya mama mdogo ilikuwa ndiyo kwanza imemaliza taarifa ya habari na kuingia kwenye matangazo ya vifo, naye akakimbilia kuipunguza sauti.

"Iache," Bibi akasema kutoka kwenye mkeka. "Nataka kujua nani katangulia."

Tulikuwa uani kwake, Mbamba Bay. Mimi na mjomba tulikuwa tumeshuka jana yake kutoka Mbinga, ambako ninakaa kwake nikisoma sekondari, na likizo ninamsaidia studio. Tuliitwa kwa sababu Bibi, mama yake mzazi, alikuwa amevimba miguu na hali chakula, na kitu alichokuwa akikitaka ni kimoja tu: apigwe picha akiwa bado anapumua. Hajawahi kupigwa picha. Babu naye hakuwahi, na Babu alizama ziwani mimi sijazaliwa.

Bibi huniita mke mwenza, kama mabibi wote wanavyotania wajukuu zao. Nilipompa shikamoo siku ile tuliyofika, aliniambia, "Marahaba, mke mwenzangu. Mume wetu alikuja usiku."

"Alisemaje, Bibi?"

"Angesemaje, na mdomo hana? Uso wake nimeusahau, mwenzangu. Alisimama pale mlangoni, kofia ipo, shingo ipo, katikati hakuna kitu." Akacheka. Mimi sikuweza. "Sasa mimi sitaki kuja kuwasimamia mlangoni namna hiyo."

Kamera ya mjomba ni ya sanduku, aliinunua kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Mgongo wake unachomoka, na ndani ya mgongo ndimo mkanda unamokaa. Ilikuja na migongo miwili. Ule tunaoutumia ni wa picha kumi na mbili. Una kidirisha kidogo nyuma: unakifungua, unazungusha ufunguo, unachungulia mpaka namba moja itokee kwenye karatasi inayofunika mkanda, kisha unafunga. Mgongo wa pili una ishirini na nne iliyochongwa ubavuni, na kidirisha hauna. Mikanda yake hatujawahi kuiona, kwa hiyo studio tunautumia kugandamizia pazia lisipeperuke.

Mikanda yetu ya kawaida iliishia kwenye harusi ya Jumamosi. Lakini siku hizi ni ruksa, kila mtu anauza kila kitu, na palepale bandarini mjomba alimkuta mchuuzi mwenye mikanda ya kutoka ng'ambo ya ziwa. Akanunua miwili, akarudi akicheka. "Mmoja unatoa picha ishirini na nne! Mama, leo utapigwa hadi uchoke."

Tulimkalisha Bibi kwenye kiti, kitenge kipya begani. Mjomba akaweka mkanda. Mwanzo wake ulikuwa wa karatasi kama ile tuliyoizoea, hakuna aliyeshtuka. Akanipa nizungushe ufunguo, yeye akachungulia kidirishani.

"Zungusha."

Nikazungusha.

"Endelea. Bado."

Nikaendelea. Nikaona shingo yake inaanza kutoka jasho. Na mimi nikachungulia. Hapakuwa na karatasi wala namba, palikuwa na kitu cheusi kinateleza, kinang'aa kama mgongo wa kambare.

"Mjomba, namba haipo," nikasema, kwa ile sauti yangu ambayo hata darasani walimu huniambia nirudie.

"Itakuja. Zungusha."

Haikuja. Kilichokuja ni mwisho wa mkanda. Mjomba alipoufungua mgongo tukaona wenyewe: karatasi ilikuwa mwanzoni na mwishoni tu, katikati mkanda ulikuwa uchi, na mwanga wa mchana ulikuwa umepita kidirishani ukaulamba wote. Hapo ndipo mjomba alipoukumbuka ule mgongo unaogandamiza pazia Mbinga. Usio na kidirisha.

"Tayari?" Bibi akauliza. Alikuwa bado amekaza shingo.

"Bado, Mama. Kamera imechoka kidogo."

"Mimi je?"

Juu ya ziwa nkungu walikuwa wamesimama, wale vijidudu wanaopanda kwa wingu kama moshi wa nyumba inayoungua. Upepo ukawaleta kwetu, wakaingia machoni na midomoni, tukambeba Bibi ndani. Alikuwa mwepesi kupita kiasi.

Jioni mjomba alisema atapanda Mbinga kwa gari la asubuhi akauchukue ule mgongo mwingine, arudi nao kesho kutwa.

"Kesho kutwa!" mama mdogo akamgeukia, mwiko mkononi. "Kaka, umemtazama mama yako? Unamwona ana kesho kutwa?"

Mjomba akatoka nje. Mimi nilikaa mlangoni na ule mkanda ulioharibika. Kwa kuwa umeshaharibika, niliweza kuukunjua mwangani nionavyo. Niliurudisha mgongoni, nikaacha kidirisha wazi, nikazungusha ufunguo nikihesabu mpaka karatasi ikaisha na ule weusi ukaingia. Nikautoa, nikauviringisha upya, nikahesabu tena. Na tena, mpaka vidole vikajua vyenyewe.

Mjomba akanisimamia. "Unafanya nini na uchafu huo?"

"Kidirisha kikizibwa, Mjomba, hatuhitaji namba. Tunahitaji kujua karatasi inaishia wapi."

Akakaa chini.

Kifuniko cha kidirisha kilikuwa kimelegea, na kitu cheusi cha kuzibia kilikuwa kimoja tu nyumbani: ile solotepu iliyoshikilia betri za redio. Mama mdogo aliibandua mwenyewe. Redio ikanyamaza, na ndipo tukaisikia pumzi ya Bibi ilivyokuwa. Solotepu ilikuwa imekwisha gundi pembeni. Ule ukungu unaoonekana leo kwenye kona ya picha ya Bibi, karibu na bega lake, nadhani ulipenyea hapo.

Asubuhi hakuweza kukaa. Tulivuta kitanda mpaka mlangoni penye mwanga. Mjomba akashika kamera, akaishusha, akaishika tena. "Siwezi kumpiga hivi," akasema, machozi yanamtoka. "Mama yangu hivi?"

Nikaichukua. Mkanda wa pili nilikuwa nimeshauweka, nimezungusha kwa hesabu yangu.

"Bibi, niangalie!" Nilipaza sauti hadi nikaona haya.

Akafumbua macho. "Mke mwenzangu," akasema, "kumbe unayo sauti."

Nikabonyeza. Nikazungusha, nikabonyeza, nikazungusha. Picha ya tano au ya sita macho yalikuwa bado yananitazama, ila mama mdogo akapita mbele yangu, akainama, akamwekea Bibi mkono puani. Kisha akaanza kupiga yowe.

Mjomba aliangukia kitandani. Majirani wakaanza kukimbilia uani. Mimi nilisogea kwenye kona ya chumba, nikafunika kamera kwa kanga, nikaendelea kuzungusha ufunguo, kwa sababu mkanda ukifunguliwa kabla ya kufika mwisho unaungua kwa mwanga. Nilizungusha huku wanalia, mpaka ufunguo ukawa mwepesi. Nikaufungua mgongo gizani chini ya kanga, nikaupapasa mkanda, nikalamba kijikaratasi chenye gundi kilicho mwishoni mwake, nikaufunga usikunjuke.