Mlinzi wa Chumba cha Mzee

Kila asubuhi mlinzi wa makumbusho ya Riverdale Park, Marekani, hubisha hodi kwenye chumba cha mwanasiasa aliyekufa mwaka 1812, husubiri kidogo, ndipo huzungusha ufunguo. Flaviana, mfanya usafi, amemzoea. Mlinzi huinyoosha picha ya marehemu kwa vidole viwili huku akiwaeleza wageni: mzee alikuwa wakili, akawa seneta, akawa balozi. Hapo hukohoa na kuhamia kwenye viti. Siku moja mwaka 1998, mgeni mmoja, Jabali, Mmarekani aliyekuwa akijifunza Kiswahili, akauliza mbele ya picha kama urais aliupata. Mlinzi akamshika mkono, akamtoa hadi kwenye korido, akaufunga mlango polepole. Flaviana akawafuata na ufagio wake ili asikie.

"Alishindwa vibaya sana," mlinzi akanong'ona. "Lakini hatujamwambia. Mzee ana presha."