Nilitafsiri Vibaya Maneno ya Khalti Kwenye Kikao cha Bei ya Maji

Dada huyu anatuandikia kutoka Juba. Ameomba jina lake na la ofisi yake yasitajwe, nasi tumeheshimu. Msomeni mpaka mwisho kabla ya kumjibu.

Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, nina binti mmoja, sina mume. Nilikulia kambini Kenya, nikarudi Juba baada ya amani kusainiwa. Aliyenilea ni khalti, dada wa marehemu mama yangu. Alinivusha mpaka kwa miguu nikiwa na miaka minane, na kule kambini alikuwa akiuza mafuta ya mgao wake ili nipate madaftari. Kiingereza nilichonacho kimetoka kwake, ingawa yeye mwenyewe hajui hata neno moja.

Nafanya kazi katika ofisi moja ya maji hapa mjini. Mimi ni karani, lakini wageni wakija nageuka mkalimani. Miezi miwili iliyopita ofisi ilipendekeza bei ipande, ya mabomba ya mtaani na ya magari ya tangi pia. Wafadhili wakasema kabla ya kupitisha wanataka kuwasikia wananchi. Kikao kikapangwa kwenye ukumbi wa kanisa Hai Malakal, mtaa anaokaa khalti.

Asubuhi ile mkubwa wangu aliniita. Hakunitisha, alisema taratibu tu. "Hawa wageni wakisikia watu wamekataa, pampu mpya itapelekwa mji mwingine. Wewe usitafsiri maneno, tafsiri maana. Umenielewa?" Nikasema nimeelewa.

Wa kwanza kusimama alikuwa mama Mganda anayepika chakula soko la Konyo Konyo. Akasema, "Sisi iko tayari kulipa, lakini maji inakuja siku mbili kwa wiki. Sasa tunalipia nini?" Nikawaambia wageni kwa Kiingereza kwamba mama yuko tayari kulipa. Hiyo nusu aliisema kweli.

Kisha akasimama khalti. Sikujua kama angesema, si mtu wa kuzungumza mbele za watu. Alisema kwa Kiarabu cha Juba, ambamo maji huitwa moyo. Akasema mume wake amepooza upande mmoja mwaka wa tatu sasa, hawezi kufika chooni. "Namwogesha mara tatu kwa siku ili asioze mgongo. Mkipandisha bei, nimwogeshe mara ngapi? Nyinyi mliosoma niambieni."

Mkubwa wangu alinitazama. Nikafungua mdomo nikasema kwa Kiingereza, "Mama huyu anaishukuru ofisi, anaomba tu huduma iendelee kuwa nzuri." Mgeni akatabasamu, akaandika. Khalti alipoona mgeni anaandika aliniitikia kwa kichwa, akaketi ameridhika. Baadaye alitia dole gumba kwenye karatasi ya mahudhurio kama wenzake.

Nyuma kabisa alikuwa amekaa mzee mmoja, mwalimu mstaafu aliyefundisha Uganda wakati wa ukimbizi. Mtaani wanamwita Ustaz. Nilipokuwa natoka akanisogelea. "Binti, nimezisikia lugha zote mbili," akasema, akaenda zake.

Ripoti ikatoka. Imeandikwa kwamba wananchi wameafiki, na karatasi ya madole imeambatanishwa. Ustaz akaanza kupita nyumba kwa nyumba akieleza kilichotokea. Alipofika kwa khalti mimi nilikuwepo. Khalti alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamwambia, "Ustaz, huyu nimemlea mimi. Ungesema ameiba, ningekaa nifikirie. Lakini anigeuzie maneno mbele ya watu? Maliza chai yako uende."

Yule mzee alinigeukia, akangoja niseme kitu. Mimi nilichukua vikombe nikaenda kuviosha.

Tangu siku hiyo mtaa mzima unamwita Ustaz mwongo. Kanisani khalti aliinuka kwenye benchi mzee huyo alipokuja kukaa karibu naye. Niliona, nikaendelea kufuata wimbo kwenye kitabu.

Wiki iliyopita Ustaz alikuja kunisubiri nje ya ofisi. Ameandika barua kwa wafadhili, anataka nitie sahihi kwamba tafsiri haikuwa sawa. Hakunikemea. Alisema, "Bila wewe mimi ni mzee mgomvi tu." Bei inapitishwa mwisho wa mwezi huu. Nikisaini, kazi sina, na mshahara huo ndio unaomsomesha binti yangu na kununua dawa za huyo huyo mume wa khalti. Mkubwa wangu ameshaniahidi ajira ya kudumu. Tena huenda ni kweli kwamba pampu itapelekwa kwingine. Sijui.

Kinachonitisha ni kwamba sisikii kitu. Watu husema dhamiri inauma. Mimi nakula vizuri, nalala, naamka, napiga pasi nguo za kazi. Nimekuwa kama mguu ulioingia ganzi, unauona ni wako lakini ukiubana hausikii.

Jumamosi nilikwenda kuwasalimu. Nilimkuta khalti anamgeuza mumewe kitandani, nikamsaidia kumshika mabega. Mgongoni kulikuwa na kidonda kipya, kipana kama kiganja changu. Nikamuuliza kimeanza lini. Akasema, "Siku hizi namwogesha mara moja tu. Bei itapanda, najizoesha mapema." Kisha akanishukuru kwamba siku ile angalau nilimsemea vizuri.

Nilimshika mgonjwa mpaka khalti akamaliza kumpangusa. Nikaaga, nikapanda boda nikarudi nyumbani.

Ustaz anakuja Jumatatu na barua yake. Ndugu zangu, mkitaka kunitukana nitukaneni, ila mnipe na shauri. Nianze na sahihi, au nianze kwa kumwambia khalti? Na nikimwambia, nimwambie kwa maneno gani?