Kioo cha Wifi

Wifi yangu aliponunua osiloskopu, sikufichi, nilimwonea wivu. Ni kile kifaa kinachoonyesha umeme kwenye kioo, mstari unachezacheza, fundi anaona hitilafu ilipo. Sisi wawili ni mafundi wa amplifaya, meza zetu zinatazamana chumba kimoja, na anayetuletea kazi ni mume wangu, yaani kaka yake. Tangu kioo kile kiwashwe, kila kazi ngumu inakwenda kwa dada mtu. "Yule anaona mpaka ndani," mume wangu anasema, tena mbele yangu, mimi niliyemfundisha huyo dada kulehemu.

Basi nikaenda dukani kuchagua changu cha kwanza. Nisijitie wema: nilikwenda kumrusha roho wifi.

Muuzaji, mama mmoja mpole, akaniwashia kipya, kioo kipana, rangi tele. Nikakipenda hapo hapo. "Unatengeneza nini?" akauliza. Nikamwambia amplifaya. "Hicho kina njia moja. Chukua hiki cha zamani, kina mbili. Utaona sauti inavyoingia na inavyotoka kwa pamoja, ujue imeharibikia wapi."

Kilikuwa kizito, kioo kidogo, mstari wa kijani basi. Nani atanionea wivu kwa hicho? Halafu nikakumbuka kifaa cha wifi kina tundu moja tu la waya. Nikabeba kile kizito, nacheka peke yangu njiani.

Nilipokiweka mezani, wifi akakizunguka, akayaona matundu, uso ukamshuka.

"Njia mbili," akasema.

"Mbili," nikamjibu, nikisubiri raha inijie.

"Na masikio unayo. Unagusa waya kwa kidole, unasikiliza mvumo, unasema kapasita imekufa, na kweli imekufa. Unadhani nilinunua kioo kwa nini? Kaka alikuwa ananiimbia masikio yako kutwa."

Ile raha haikuja.

Mara mume wangu akaingia amekumbatia amplifaya, akasimama kati ya meza zetu mbili, akatutazama, hajui aitue wapi.

"Weka kwangu," nikamwambia. "Wifi, sogeza kiti. Wewe utazame, mimi nisikilize."

Akaja kweli, ila alikuja na kifaa chake kwapani.