Foleni ya Clive Varcoe

Clive Varcoe wa Moonta alikuwa mtu mpole, ila usimguse kwenye mambo ya foleni. Mtu akijipenyeza mbele yake pale kwa mwoka mikate, kisa eti anataka pai moja tu, Clive aligeuka mwekundu shingo mpaka masikio. Na foleni ndizo zilikuwa kazi yake. Ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta, kuna programu ndogo aliyoihangaikia miaka sita, ya kupanga zamu za pakiti, yaani vile vipande vya habari vinavyosubiri kutoka kwenda mtandaoni. Kazi hiyo haina ofisi. Unatuma kiraka chako, yaani marekebisho ya programu, kwa barua pepe, dunia nzima inasoma, na dunia nzima inakusema.

Jumatatu moja aliyemsema ni Ngaire Pohatu wa Dunedin, msimamizi wa sehemu hiyo, mama asiyepoteza maneno. "Bwana Varcoe, watu wanalalamika sauti zao za simu zinakatika. Usipotengeneza kufikia Ijumaa, foleni yako naing'oa yote."

Clive akaketi kwenye mashine yake. Akapima, akapima tena. Kila jaribio safi. Sauti ya kujaribia ilikuwa ya mtangazaji wa mbio za farasi, maana ndiyo rekodi aliyokuwa nayo.

Jumatano mchana mkewe, Lorraine, alikuwa akiongea na dada yake kwa kompyuta ya sebuleni, huku Clive akipandisha mafaili makubwa mtandaoni kwa mashine yake, na zote mbili zikipitia kisanduku kimoja chenye ile programu yake. Dada akalalamika kuwa sauti ya Lorraine inadonoadonoa kama kuku. Mama mkwe, Merle, akamsukuma binti yake pembeni, akaanza yeye: habari za goti, za paka, za kasisi mpya. Dakika ishirini, haikupotea hata silabi.

"Mkwe wangu," akasema alipomaliza, "hicho kidude chako kinanipenda mimi. Mke wako hakimtaki."

"Mama, mashine haijui nani ni nani."

"Hee! Labda kimemchoka. Huyu akisema neno anatulia, anawaza, ndipo aseme la pili."

"Na wewe je, mama?"

"Mimi nitulie ili uanze kuongea wewe?"

Clive akaweka kikombe chini. Kumbe! Anayenyamaza avute pumzi, foleni yake inabaki tupu. Ikiwa tupu, programu inamfuta kwenye zamu. Akirudi, anapangwa nyuma ya wote kama mgeni. Merle hakuwahi kufutwa kwa kuwa hakuwahi kunyamaza. Na yule mtangazaji naye, tangu farasi watoke hadi wafike, hapumui!

Dawa ilikuwa mistari minne tu: aliyenyamaza kidogo atunziwe nafasi yake. Safari hii akajaribu kwa sauti ya Lorraine akisoma mapishi ya keki, polepole kama kawaida yake. Alhamisi akatuma.

Ijumaa asubuhi Ngaire akajibu: "Kiraka kizuri. Sikipokei. Aliyegundua kasoro huandikwa jina, nawe hujaandika. Na usiniambie ni wewe. Miaka sita ulikuwa wapi?"

Kweli, Clive alikuwa ameona haya kumtaja mama mkwe mbele ya dunia. Akaenda kumwomba ruhusa.

"Andika," Merle akasema. "Na maneno yangu uyaweke."

"Nafasi ni ya jina tu, mama."

"Basi weka yote matatu."

Saa sita kiraka kikaingia kwenye kiini, na foleni ikanusurika. Chini yake: Aliyegundua, Merle Constance Tregilgas. Ngaire akaongeza mstari mmoja, dunia nzima ikasoma: "Huyo mama ana nafasi Jumatatu? Nina viraka kumi na vinne vya wanaume havijapata mtu wa kuvisema."