Nilicheka Kaka Akimtaja Marehemu Baba

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Mnihukumu mnavyotaka, ila nisikilizeni mpaka mwisho, maana kusikiliza ndiko kulikonishinda mimi.

Mimi ni fundi cherehani hapa Dongobesh. Kaka yangu mkubwa ni mkulima kijijini Tumati. Baba alifia mikononi mwake. Mimi nilichelewa, nikakuta ameshafunikwa shuka. Matanga hayajaisha tukagombania shamba, nikamtolea kaka maneno mabaya mbele ya watu. Miaka miwili hatukusalimiana!

Siku moja ya mnada namwona mlangoni, kashika chupa ya asali. Yeye mkubwa, kanifuata mimi mdogo! Nikampa shikamoo, nikamvutia stuli, nikammiminia chai. Jamani, nilifurahi. Nilijua kaja kumaliza ugomvi.

Sasa, kwetu mtu mzima hakurukii na neno. Ataanza na mvua, atapita kwa ng'ombe, ataulizia watoto, ndipo afike. Nalijua hilo tangu utoto. Lakini simu nilikuwa nimeiegemeza kwenye cherehani, na kundi letu la tuliosoma pamoja lilikuwa limechangamka balaa.

"Mwaka huu maharage yameungua na baridi," akasema kaka.

"Eeh kaka, endelea, nakusikia." Huku nachapa meseji.

Nilidhani masikio yanatosha. Kumbe mwenzangu alikuwa anayatafuta macho yangu!

Akahamia kwa ndama. Nikaitikia eeh, eeh. Mara mtu akatuma video ya mlevi anayecheza na mbuzi harusini. Nikaifungua. Nikaangua kicheko mpaka machozi.

Nilipoinua uso, kaka alikuwa ananitazama, kikombe kiko mkononi.

"Nimekwambia baba alikuachia neno siku ile anakata roho," akasema polepole. "Na wewe umecheka."

"Hapana kaka! Nimecheka simu! Ni simu tu!"

"Najua ni simu."

Akainuka. Chai hakuimaliza. Asali aliniachia, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi, maana hata hakunikasirikia.

Nimepanda kwenda Tumati mara tatu. Ananipokea vizuri, mkewe ananipikia, watoto wananiamkia. Ila nikiligusa lile neno, anatazama chini.

"Mdogo wangu, nililileta mpaka kwako. Hukuwa na nafasi."

Mara ya tatu nilimpigia magoti palepale anapopura maharage. Akaniinua, akanikung'uta vumbi kwenye kitenge, akarudi kupura. Ole wangu!

Ndugu zangu, mtu akikaa mbele yako, izime hiyo simu umtazame usoni, hata kama anaongelea maharage tu. Hujui amebeba nini.

Mimi sijui baba alinisamehe kuchelewa, au alinigawia shamba, au aliniita tu jina. Ila ile video ya mlevi na mbuzi naikumbuka yote, mwanzo mpaka mwisho.