Diski Iliyogoma Yamumbi

Siku yangu ya kwanza kwa yadi ya mawe, Eldoret, nilipewa mtungi. Foromani akaniambia, "Wewe kazi yako ni maji. Diski ya almasi ikikata kavu inashika moto, meno inang'oka. Iking'oka, na wewe unang'oka." Shule niliachia darasa la tano, lakini mwaka haukuisha kabla sijashika mashine. Maji nilifundishwa, mengine niliiba kwa macho, na sijaona aliyenishinda.

Baada ya vurugu za uchaguzi tulitumwa Yamumbi, nje kidogo ya mji, kujenga upya nyumba zilizochomwa. Kwa Mama Njeri ilibaki sakafu ya zege na kipande cha ukuta wa matofali. Alikuwa bado analala kwa hema. Tukate mashimo manne ya nguzo kwa sakafu siku hiyo, ama mashine iende kwa wengine Kapsoya na yeye arudi mwisho wa foleni ya kujengewa.

Diski ilizama kidogo, kisha ikawa inateleza tu juu, ikipiga kelele.

"Kandamiza!" Injinia aliyesimamia ujenzi akasema. Nikakataa. "Basi imekufa. Fungeni mashine."

"Haijakufa, Injinia. Imelala."

Wenzangu wakacheka. "Sikieni profesa wa darasa la tano!"

Niwaeleze, vijana. Almasi ni chembe zilizoshikwa na chuma. Chuma kikilika, chembe mpya kali zinatokea. Kokoto ngumu za zege zinafanya chembe kuwa butu na chuma hakiliki, diski inabaki kuteleza kama kioo. Ukikandamiza unaiunguza bure. Dawa yake ni kuikatisha kitu laini chenye mchanga, mchanga ule chuma, chembe mpya zitokee.

"Mama, naomba matofali matatu ya ule ukuta."

Akaniangalia. "Huo alijenga marehemu mzee wangu. Na usipoweza?"

"Nitaujenga tena kwa mkono wangu, na kazi niache."

Aliyang'oa mwenyewe. Tofali la kwanza, maji yakatoka mekundu. La pili. La tatu. Nikarudi kwa sakafu, maji yakimwagika, na diski ikazama. Tope likatoka zito kama uji.

"Mzee, nani alikufundisha hii?" Injinia akauliza.

"Ngoja kwanza, nakata."

Sasa nimestaafu, mgongo umekataa. Vijana, jiwe gumu litafutieni diski ya chuma laini, jiwe laini ya chuma kigumu, na nguvu za mabega muwachie wabeba magunia. Nimekata ghorofa nyingi mji huu, lakini ninayoringia ni mashimo manne ya Yamumbi. Tulipomaliza la mwisho, Mama Njeri aliingia katikati ya hayo mashimo na viatu vya matope, akapima hatua mbili, akasema, "Mlango utakuwa hapa."