Siku Kengele ya Bwana Miwani Ilipokaa Kimya

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa moto kwa jirani, pale Nengo, mjini Gisenyi, bibi yangu alitukataza jambo moja kuliko mengine yote: tusikutwe ndani ya maji kengele ya mnara inapolia. Kuogelea hakukukatazwa, wala kuvua samaki kwa kikapu. Lakini kengele ikianza kulia, hata kama mtu alikuwa ameingiza miguu tu, ilimpasa kutoka na kukaa kwenye mchanga mpaka mlio uishe kabisa.

Watoto wengine walitucheka. “Jamaa ya kengele hao! Mukimbie, Muzungu anakuja na miwani yake!” Nasi tulitoka majini kwa aibu, maana tulimwogopa bibi kuliko kucheka kwao.

Mnara wenyewe watu wa leo wanaujua kama rundo la mawe lenye uso wa saa usio na mishale. Zamani hizo ulikuwa mpya. Ulijengwa kwa mawe meusi ya volkano, karibu na barabara ya ziwani, kwa ukumbusho wa Mbelgiji mmoja aliyeitwa Edgar Vanmoer. Wenyeji walimwita Bwana Miwani. Alikuwa akivuka ziwa kwa mtumbwi, upepo wa mvua ukaupindua, na mwili wake haukuonekana. Basi wenzake walimjengea mnara mahali pa kaburi, wakatia kengele juu na kibao cha shaba chini. Kwa muda mfupi mji mzima ukauzoea. Mtu akitoka Goma kuja kununua maharage, aliambiwa, “Tutaonana kwenye Saa.” Wachumba walikutana kwenye Saa. Wenye ugomvi waliitana kwenye Saa. Hata wale waliolalamika kwamba mishale yake hufuata hesabu ya Wazungu, inaonyesha kumi na mbili wakati mtu mwenye akili anajua kuwa ni saa sita, hawakukosa kuinua shingo walipopita.

Bibi hakuinua shingo. Aliitwa Nyirabukeye. Alipopita hapo alifunika uso kwa nguo yake na kuharakisha mwendo, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mdai. Sababu yake ilijulikana nyumbani, ingawa haikusemwa mbele ya baba. Bwana Miwani hakuvuka ziwa peke yake. Wapiga kasia wake walikuwa watatu: Kabano wa Nyamyumba, Cirhuza, Mhavu wa upande wa Kalehe, na Sebahire, mtoto wa kwanza wa bibi yangu. Nao hawakuonekana. Kibao cha shaba hakikuwataja.

Siku moja, tukichambua maharage, nilimwuliza bibi kengele inadhuru nini. Alijibu kwa Kinyarwanda, lugha pekee aliyoikubali, nami nayaandika maneno yake kama ninavyoweza.

“Mtu anapoitwa kwa kengele, huamka,” alisema. “Yule Mzungu huamka kila saa. Na akiamka, atakwenda kwa miguu juu ya maji? Anawaamsha waliokuwa wakimpigia kasia. Mwanangu hajalala tangu wajenge kitu kile.”

“Basi umpe pombe yake, bibi, kama tunavyompa babu.”

“Nimpe vipi? Nikimwaga, kengele inalia, anaacha kibuyu anashika kasia. Na kama nikimwaga wakati uleule wa mlio, atashika mkono unaompa.”

Hilo la mkono lilinikaa kichwani. Kumpa marehemu haki yake ya pombe, kwetu, ni kumtuliza. Asiyepewa huzunguka na kuwarudia walio hai kwa ugonjwa. Mama yangu wakati huo alikuwa mjamzito, na wawili kabla ya mimba hiyo walikuwa wametoka kabla ya siku zao. Bibi hakuwa na shaka ni nani anayewarudisha. Alikuwa amekwisha kusema wazi: Sebahire apate siku moja ya utulivu kabla mama hajajifungua, la sivyo na huyu hatakaa.

Baba hakutaka kusikia. Jina lake lilikuwa Anastazi Nsekera. Alisoma kwa mapadri wa Nyundo na alikuwa karani na mkalimani katika ofisi ya serikali. Alikuwa mtu wa kusema kweli hata pasipohitajika. Niliwahi kuchapwa kwa kusema kwamba mvua ilikuwa imeanza, kumbe yalikuwa manyunyu tu. Juu ya mizimu alikuwa na neno moja: “Upuuzi.” Lakini niliona kwamba alilisema polepole zaidi kadiri tumbo la mama lilivyokua.

Tena kulikuwa na mtu ambaye baba alimshuku. Mnara ulikuwa na mlango mdogo wa chuma, na ufunguo ulikaa kwa Alfani bin Sefu, Mwislamu wa mtaa wa Waswahili, ambaye kazi yake ilikuwa kupanda ngazi na kuijaza saa ufunguo. Alfani alikuwa amemwoa shangazi yangu Tereza, naye shangazi akasilimu akaitwa Zaituni, na tangu siku hiyo baba hakumsalimia. Alidai kwamba Alfani anampelekea bibi hirizi kwa siri. Alfani naye, nilisikia baadaye, alidai kwamba Anastazi anatafuta sababu afukuzwe kazi. Kila mmoja alimtazama mwenzake kama mtu anayetazama mfuko wake sokoni.

Asubuhi moja bibi aliniamsha akanivika shati la kanisani. Alikuwa na kibuyu kidogo cha pombe ya mtama. “Twende,” alisema. “Leo wewe ndiye utakayemjibia Sebahire. Nikimwita, useme: nipo.”

Tulikaa kwenye mchanga, mbali kidogo na wafuaji nguo. Jua lilipanda. Nilikuwa nimeizoea kengele kiasi cha kujua kwa kivuli cha miti kwamba imekaribia, na kivuli kilipofika mahali pake nilishika kitambaa cha bibi. “Bibi, italia. Bibi, usimwage.”

Yeye alikuwa amekwisha kupiga magoti. Alimwaga. Pombe ikafanya mstari mwembamba juu ya maji, naye akaita, “Sebahire!” Nilikuwa natazama mkono ule ulioshika kibuyu. Nilisahau jibu langu. Akaita tena, kwa ukali, kama anavyoita mtu aliyechelewa kula.

“Nipo,” nilisema.

Kengele haikulia.

Tulingoja. Wafuaji nguo walisimama, wakatazamana. Juu, kwenye barabara, watu walikuwa wametoka nje ya maduka wakiinua vichwa. Mwanamke mmoja alifanya ishara ya msalaba. Bibi alimaliza kibuyu bila haraka, akakisuuza, akasema na maji maneno mengi ambayo sikuyasikia vizuri. Kisha akanishika mkono tukarudi nyumbani. Njiani hakufunika uso.

Saa ilikaa kimya siku hiyo nzima. Kesho yake Alfani alikamatwa.

Ofisi ilikuwa na veranda pana, na mashauri madogo yalisikilizwa hapo, mbele ya watu. Nilikwenda na watoto wengine. Ofisa Mbelgiji alikaa mezani, Alfani amesimama kati ya askari wawili wenye kofia nyekundu, na kiboko kimelala juu ya meza wazi kabisa. Baba alisimama katikati, maana ofisa hakujua Kiswahili cha kutosha na Alfani hakujua Kifaransa hata kidogo. Mimi, kwa bahati, nilikuwa nimeanza kukisoma.

Ofisa aliuliza nani aliyesimamisha saa ya ukumbusho. Baba akamwuliza Alfani.

“Mi sijui, Karani,” alisema Alfani. “Mi nilijaza saa juzi, ilikuwa inatembea muzuri. Mutu aliishika kwa mukono. Uliza nyumbani kwako.”

Watu walicheka kwa chini. Uso wa baba ulikuwa kama mlango uliofungwa. Alimgeukia ofisa na kusema Kifaransa kirefu, kilichonyooka, chenye heshima. Alisema kwamba mlinzi wa saa anaripoti kuingia kwa majivu ya volkano ya Nyamulagira katika meno ya mashine. Kwamba aliogopa kuilazimisha asije akaivunja. Kwamba anaomba mafuta na siku ya kuisafisha.

Sikuamini masikio yangu. Nilitazama huku na huku kama kuna mwingine aliyesikia. Ofisa alikunja uso, akaangalia mlimani ambako moshi haukukosa, akaandika kitu. Akaamuru Alfani apewe mafuta. Kiboko hakikunyanyuliwa.

Alfani alikuwa hajui limepita neno gani. Alitoka akimtazama baba kwa shaka kubwa kuliko mwanzo, na jioni, jua halijazama, alikuja kwetu kwa mara ya kwanza tangu aoe. Shangazi Zaituni alimfuata na sahani ya maandazi.

“Karani, ulimwambia nini yule Muzungu? Nimepewa mafuta ya nini?”

“Nilimwambia ni majivu.”

“Majivu gani?”

“Ya Nyamulagira.”

“Ayi! Nyamulagira mwaka huu haijatema hata mate!” Alfani alipiga paja. “We mutu wa padri, umedanganya kwa Kifaransa?”

“Nilikuwa nakuokoa,” alisema baba. “Kama umeamua kumsaidia mama yangu, ungeniambia.”

“Mi? Mi sikugusa. Nilijua ni we. Mi nilikuwa tayari kula kiboko juu yako, halafu nikutukane mbele ya watu.”

Kisha wote wawili wakamgeukia bibi, aliyekuwa akimenya viazi kando ya mama.

“Mimi nilikuwa ziwani,” bibi alisema. “Mwulizeni mtoto.”

Niliulizwa, nikasema kweli. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, mambo ya kibuyu na kuitwa na kuitika, na kwa mara ya kwanza hakusema neno lake. Alichukua andazi. Alimpa Alfani kiti.

Hakuna aliyemwuliza shangazi. Alikuwa mke wa mwenye ufunguo, na ufunguo ulining'inia kwenye msumari juu ya kitanda chake. Sebahire alikuwa kaka yake, aliyembeba mgongoni alipokuwa mdogo. Jioni ile alikaa mlangoni akisugua doa jeusi kwenye ncha ya kanga yake, akilalamika kwamba sabuni ya siku hizi haifai. Mimi nilikuwa mtoto, nikaamini habari ya sabuni. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto nilipoanza kumshuku, na wakati huo alikuwa amekwisha kufa.

Mama alijifungua msichana mwenye sauti kubwa. Alikaa. Sisemi kwamba ni kwa sababu ya pombe ile; nimesoma, na wanawake wengi hupoteza mimba mbili na kupata ya tatu. Nasema tu kwamba kengele iliporudi kulia, bibi hakujali tena. Alianza kutukaripia kwa kutumia saa ileile: “Kengele imelia, na wewe bado hujateka maji?”

Mwaka huu, baada ya vita na kurudi kwa watu, kulikuwa na mkutano wa mtaa juu ya mnara. Vijana wa ofisi, wengi waliokulia Goma na Bukavu, wanataka kuutengeneza, kufuta jina la zamani na kuuweka kwa ukumbusho wa waliopotea miaka hii. Wanataka kengele ilie tena kila saa. Ni wazo jema, na lilipigiwa makofi. Katika siku hizi mtu huangalia kwanza nani yuko nyuma yake kabla ya kusema, nami si msemaji. Lakini katika safu ya mbele alikaa mama mmoja, mfanyabiashara wa mpakani. Mumewe aliingia katika mtumbwi kuvuka ziwa katika ile miezi mibaya, na hakufika popote. Wakati wa makofi niliona amefunika uso kwa kitenge.

Nilisimama. Nilisema kwamba kengele ni nzuri, lakini naomba iwe na siku moja katika mwaka ya kukaa kimya, kwa ajili ya wenye watu wasio na makaburi. Sikueleza zaidi. Niliona macho yakinigeukia: mzee Mkristo, aliyesoma kwa mapadri, anataka nini na kimya? Kijana mwenye kalamu aliuliza ni desturi ya dini gani. Nilijibu kwamba ni ombi tu la mzee, na nikakaa.

Mkutano ulipokwisha, yule mama alinifuata mpaka barabarani. Hakuniuliza sababu. Alitembea kando yangu kwa muda, kisha akasema kwa sauti ndogo:

“Muzee, hiyo siku ya kimya, itakuwa lini? Nipate kutayarisha pombe.”